Mashua ya Vipimo vya Shemeji

Dada yangu alianza kutengeneza mashua kwa njia pekee aliyoijua: alimpima mtu. Alimsimamisha mumewe katikati ya magongo yake mawili, akaitoa futi shingoni, akapima mabega, akashuka mgongoni, kisha akamkalisha na kupima kutoka kiunoni hadi gotini. Vipimo aliviandika katika daftari lile lile la wateja wake wa nguo, chini ya vipimo vya sketi ya mama mmoja wa benki.

"Suti?" shemeji aliuliza.

"Mashua," dada akajibu, akafunga daftari.

Shemeji alikuwa dereva wa malori kwa miaka ishirini na mitatu. Siku moja alikuwa juu ya mzigo akifunga turubai, kamba ikakatika, akaanguka chali. Mgongo uliunga, lakini miguu haikurudi ilivyokuwa. Hatua kumi kwa magongo zilikuwa safari nzima. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia kwamba kifua na mikono bado ni vizima, atafute mchezo wa kuvitumia. Ndipo dada alipokumbuka bwawa lililo nje ya mji. Kabla hawajaoana, shemeji alikuwa akikodi mashua pale kila Jumapili, anampigia makasia kutoka ng'ambo hadi ng'ambo na kujifanya hachoki.

Walirudi huko mara moja baada ya ajali. Mashua za kukodi zina ubao mtupu wa kukalia, hauna pa kuegemea. Shemeji aliteleza kabla hata hajashika kasia, na wanaume wawili wakamtoa kwa kumshika makwapa na miguu, watu wakitazama. Tangu siku hiyo alihamia kwenye kiti cha dirishani. Alisema hatakwenda tena kule kubebwa kama gunia, na baada ya hapo hakusema mengi.

Mimi ni mdogo wake dada, mwalimu wa hisabati, na nilikuwa nikiishi nao tangu ndoa yangu ilipovunjika. Nilimwona mtu akizama polepole akiwa nchi kavu, na nakiri kwamba nilishaanza kuzoea. Dada hakuzoea.

"Nguo ya kununua humkaa kila mtu vibaya kidogo," aliniambia. "Huyu ana mwili wake. Atapimiwa."

Alitengeneza vimashua vya mfano kwa maboksi, akavishona kwa uzi, akaviweka vielee kwenye beseni la kufulia. Cha kwanza kilipinduka kwa uzito wa mkasi. Cha pili pia. Cha tatu, chenye tumbo pana lililo bapa, kiliubeba mkasi na kopo la vifungo bila kutikisika. Kiti alikipa egemeo refu lenye mbawa mbili za kumshika mbavu. Ukingo wa upande mmoja aliufanya mpana, mtu aweze kukalia hapo kutoka gatini kisha ajisogeze hadi kitini. Na mbele ya kiti alichora shikio la chuma, lile lile la mlango wa lori.

"Miaka yote amepanda kwa kushika hilo na kujivuta," alisema. "Yeye amesahau, lakini mwili wake unakumbuka."

Kazi yangu ilikuwa kukuza vipimo na kuvichora kwenye plaiwudi. Dada alikuwa amesoma kwamba mashua ndogo huweza kutobolewa matundu pembeni mwa mbao, ikaunganishwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakapakwa gundi na waya zikatolewa. Alipolisoma hilo alicheka peke yake jikoni. Kumbe ni kushona tu.

Jirani yetu seremala aliegemea mlangoni, akatazama mbao zikijaa chumba cha cherehani mpaka wateja wanapita ubavu. Alimkumbusha dada kwamba mashua haivaliwi. Alitaka pia kujua itatokea wapi ikishakamilika. Dada alimwambia kwamba mlango aliupima kabla ya kumpima mume, na kwamba meza za seremala zinayumba miaka yote lakini hakuna aliyemkataza kuzitengeneza. Seremala akasema mzigo ule utamshinda. "Ng'ombe hashindwi na nunduye," dada akajibu bila kuinua macho.

Jumamosi ya kushona, mbao zilikataa. Katikati zilikubaliana, lakini kila tulipokaribia pua ya mashua, mmoja uliupita mwenzake kwa vidole vitatu, na umbo lote likajipinda kama kiatu kilichonyeshewa. Nilirudia hesabu mara tatu, zilikuwa sahihi. Seremala alishauri tugeuze kuwa kabati la vyombo. Dada aliketi sakafuni na koleo mapajani. Sikuwahi kuiona mikono yake ikikaa bure, na nikaanza kupanga maneno ya kumpoza.

Nyuma yetu kiti kilikwaruza. Shemeji alikuwa amekigeuza kutoka dirishani.

"Fundi, ulikata juu ya mstari au nje yake?"

Dada aligusa ukingo wa ubao. "Nje. Kidole kimoja, kama kawaida."

Fundi wa nguo hakati juu ya mstari. Huacha ziada itakayokunjwa ndani ya mshono, na ya kuipanua nguo mwenyewe akinenepa. Lakini mbao hizi hukutana mdomo kwa mdomo, hakuna kinachokunjwa. Dada alikuwa ameacha ziada kuzunguka kila ubao, kwa mkono wa miaka thelathini usioomba ruhusa kwa kichwa. Mimi na digrii yangu nilikuwa nimekagua karatasi tu.

"Nimekutazama ukikata miaka ishirini," shemeji alisema. "Mkono wako hauamini mstari." Kisha akaongeza, "Sasa hii ikinenepa, utaipanua wapi?"

Dada alicheka mpaka akalala kwenye mbao. Shemeji naye alicheka, akishika mgongo.

Tulifumua waya zote, mia mbili na kumi na mbili. Shemeji aliagiza awekewe ubao mapajani. Alianza kuuchonga hadi kwenye mstari kwa kisu, na kesho yake seremala akaja na randa yake nzuri, akaiacha mlangoni bila utani wowote. Kwa mtu yule, huko ni kuomba radhi. Kwa wiki kumi shemeji alipiga randa na msasa akiwa amekaa. Alipomaliza mbao, dada alizishona upya na kupaka gundi maungio, na yeye akachonga makasia. Kiti cha dirishani kikawa cha kuwekea nguo zisizopigwa pasi.

Asubuhi tuliyoishusha majini, upepo haukuwepo. Shemeji aliketi ukingoni mwa gati, akayaweka magongo kando, akahamia kwenye ukingo mpana. Mashua iliinama kidogo, ikatulia. Akanyoosha mkono, akashika chuma, akajivuta. Dada alikuwa ameweka mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja umeushika mwenzake kwa nguvu. Hakuna aliyemgusa mumewe.

"Fundi," shemeji akaita. "Panabana."

"Wapi?"

"Huku makwapani."

Vipimo vilikuwa vya yule mtu wa dirishani. Huyu alikuwa amepiga randa wiki kumi. Dada alishuka ndani na spana, akafungua mbawa za egemeo, akazisogeza nje tundu moja.

"Hapa niliacha ziada makusudi," alisema.

Aliketi akimtazama usoni, kama zile Jumapili. Shemeji akaniomba nifungue kamba. Kasia la kwanza liliwazungusha, la pili likawarudisha, na kuanzia la tano walikwenda sawasawa. Nilibaki gatini na magongo. Kule katikati ya bwawa niliona makasia yakisimama, na shemeji ameinamia magoti akihema kwa nguvu. Safari hii hakujifanya hachoki. Alipumzika kadiri alivyotaka, kisha akageuza mashua.