Jiwe Lililofutwa kwenye Mchoro

Walionifanyia hivi nawataja: wa kwanza mwenye jengo, wa pili mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Jengo ni ukumbi wa kushonea nguo huku Ilemela, umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba. Mkwe ndiye aliyechora. Ana programu kwenye kompyuta ya kupima joto la jengo kabla halijajengwa, saa kwa saa, mwaka mzima. Basi hesabu ikawa inajivuta, siku nzima haijamaliza, kwa sababu ya lile jiwe linalonyonya jua mchana na kulitema jioni. Mwenye jengo hakuacha kumpigia simu: "Kompyuta yako inakwenda kwa miguu?" Mkwe akalifuta jiwe kwenye mchoro. Kompyuta ikamaliza upesi, ikasema ndani kutakuwa na ubaridi. Wakaweka madirisha madogo, ukuta wa nyuma ukagusana na jiwe.

Cherehani yangu ikawekwa kwenye kona ya ukuta huo. Msimu wa joto, kabla ya mvua, nikaanguka. Daktari alisema ningecheleweshwa kidogo tu, ningekufa.

Lakini kinachonichoma si hicho. Aliyenibeba mpaka nje ni mkwe, alikuwa amekuja kukagua. Kwetu Usukumani mkwe hata mkono simpi, tukikutana njiani nachepuka. Siku hiyo kanibeba mgongoni, nimejikojolea, kitenge kimefunguka, mafundi wenzangu wote wanaangalia. "Sogeeni, mpeni hewa!" Afadhali ningefia pale.

Nikajifungia nyumbani. Wenzangu wakaja: "Mama, rudi, cherehani inaota kutu." Nirudi na uso gani?

Alasiri moja binti akaja na mumewe na kompyuta. Yeye akakaa sebuleni, mimi chumbani nyuma ya pazia, binti katikati.

"Mama, anasema amelirudisha jiwe."

"Muulize, lilikuwa limekwenda wapi?"

Binti akamsikiliza mumewe, kisha akasema, "Anasema safari hii hesabu inakwenda haraka. Jiwe amelihesabu kivyake mara moja, joto lake akalitunza, ndipo akalileta ukutani. Na hahesabu mwaka mzima, siku za joto kali tu zinatosha."

"Kumbe iliwezekana."

"Anasema alikuwa anaharakishwa."

"Na mimi nilikuwa nachemka."

Binti akaigeuza kompyuta, nikachungulia penye upenyo wa pazia. Ukumbi wote ulikuwa wa njano, kona moja nyekundu kwa joto. Kona yangu. Nikaona haya upya, kama vile amenichora nilivyolala pale chini.

"Mwambie sirudi mpaka ukuta ule ubomolewe, ujengwe mbali na jiwe. Na mwenye jengo aambiwe kwa nini."

"Ndiyo, mama. Nitamwambia mwenyewe."

Haikuwa sauti ya binti yangu. Tangu amwoe binti, mkwe hajawahi kunijibu yeye mwenyewe. Nikajifunika kitenge mpaka kichwani, ingawa humo chumbani nilikuwa peke yangu.