Saa Tatu na Dakika Arobaini

Hakulala. Narudia kwa mara ya mwisho: hakulala. Na wewe unayezunguka Mbulu mjini na simu yako mkononi, unawaambia watu "yule fundi wa Dongobesh aliachia setilaiti ikapita, yeye kalala," shukuru tunaongea kwa maandishi. Asubuhi ile dada yangu alikuwa Haydom, kwenye benchi la hospitali, amemshika mama yake mkono wanasubiri kuitwa. Hakuwepo hata karibu na kompyuta. Niliyeachiwa kompyuta ni mimi.

Sawa, nimesema. Sasa kaa nikueleze, maana nyie mkisikia nusu mnaondoka nayo.

Huyu ninayemwita dada ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Tumelelewa nyumba moja kijijini Daudi, tumekula sahani moja, tumechapwa kwa kosa moja. Ananizidi miaka minne. Ana kigugumizi, na siyo kidogo. Kuna siku "shikamoo" inamchukua muda mpaka mzee anayesalimiwa ameshapita, na wazee wasiomjua walikuwa wanasema huyu mtoto hana adabu. Mimi ndiyo nilikuwa napiga kelele nyuma yake: "Amekusalimia, babu, hujasubiri!" Nikachapwa kwa hilo pia. Nikiwa darasa la tano nilimrushia jiwe mtu wa darasa la saba kwa sababu alimwigiza. Tuligawana hivyo tangu utoto. Yeye mikono, mimi mdomo.

Mikono yake imempa kibanda cha kutengeneza simu pale Dongobesh. Hakusomea. Alifungua simu mbovu mpaka zikaanza kumwambia kinachoziuma. Mimi nami nimejifunzia pale pale, kwa kuuliza na kugombana naye. Mambo ya setilaiti yalianza siku mteja mmoja alipoacha kidude cha USB cha kutazamia TV kwenye kompyuta, akasema kimekufa, kitupe. Dada akakifufua. Halafu akaona kwenye mtandao kwamba kidude kama kile, ukikipa antena nzuri, kinasikia setilaiti ndogo zinazopita juu. Wiki ile hatukulala vizuri. Antena ya kwanza tulitengeneza kwa mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya na vipande vya antena za TV zilizovunjwa na upepo. Tukaipandisha juu ya bati la kibanda.

Madereva wa bodaboda wanaopaki mbele yetu walipata cha kuongea mwaka mzima.

"Fundi, leo umeongea na malaika?"

"Wamesema nini kuhusu mvua?"

"Muulize kama hiyo inashika mpira!"

Dada akawa anacheka tu. Mimi nikawajibu, "Inashika, ila timu yenu inaonekana bado inafungwa." Tukaishi hivyo.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu, wanafunzi wa vyuo, wapenzi wa redio, wazee waliostaafu, nchi mbalimbali, wanatengeneza setilaiti ndogo, nyingine haizidi boksi la viatu. Ikisharushwa inazunguka dunia nzima, na aliyeitengeneza anaisikia dakika chache tu ikipita kwake. Ikiwa upande mwingine wa dunia, haisikii. Kwa hiyo watu wa kujitolea wameweka antena majumbani mwao kila mahali, na yeyote ambaye setilaiti inapita juu yake anairekodi kwa niaba ya mwenye nayo. Hakuna anayelipwa. Programu zake ni za bure, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zimeandikwaje na kurekebisha. Rekodi zote ziko wazi. Makosa nayo yako wazi: ukikosea unaandika kwenye grupu lao la mtandaoni, nimekosea hivi na hivi, wenzako wajifunze. Hiyo ni sheria yao kubwa. Mzembe wanamsamehe akionyesha kazi safi tena. Anayedanganya, kituo chake kinafutwa na harudi.

Hujaelewa bado kwa nini naongea kwa hasira. Ngoja. Kwenye lile grupu watu wanaandika, hawaongei. Dada yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa anamaliza sentensi. Anauliza, wanamjibu. Wanamuuliza, wanasubiri, naye anajibu kurasa mbili. Akawasahihisha mahali kwenye programu, wakachukua sahihisho lake wakaliweka. Hakuna hata mmoja kule anayejua kwamba ana kigugumizi. Kule yeye ni mtu anayeaminika, kituo cha Dongobesh, basi. Nilikuwa namwangalia anaandika, vidole vinakimbia, nikawa najisikia sina kazi. Nilifurahi lakini.

Sasa ikaja ile setilaiti. Ilikuwa ya wanafunzi, imezeeka, betri inakufa. Ilikuwa inaamka tu jua likiipiga vizuri, inatoa taarifa za hali yake dakika nne hivi, inazima. Waliotengeneza walikuwa wanajenga ya pili, na walitaka kwanza kujua kilichoua ile betri, ili wasirudie. Walihesabu wakaona itaamka mara moja zaidi, labda ya mwisho, na itakuwa inapita juu ya mlima Hanang. Kituo kilichokuwa chini yake ni cha kwetu peke yake. Wakamwandikia dada. Wakaongeza kwamba akiifanya hiyo kazi, mota ya kugeuzia antena waliyokuwa nayo moja wataituma Dongobesh. Dada akaenda kwa mafundi wa kuchomelea akatengenezewa nguzo ya chuma ya kuikalishia siku ile ile.

Halafu tarehe ya mama mkubwa ya hospitali ikawa siku hiyo hiyo.

Dada hakuhangaika. Antena ilikuwa imeshaelekezwa, kompyuta inarekodi yenyewe ukiiwekea saa. Alichoniachia ni kitu kimoja: jioni kabla, wakithibitisha dakika kamili, niiweke kwenye kompyuta. Akapanda basi la Haydom na mama yake.

Jioni ujumbe ukaja: 06:40, saa za dunia.

Wewe ni Mtanzania, utanielewa haraka kuliko wao. Saa za dunia ziko nyuma ya saa ya simu yako kwa masaa matatu. Saa ya simu yako nayo iko mbele ya saa tunayoisema mdomoni kwa masaa sita. Simu inaandika tisa, wewe unamwambia mwenzio saa tatu asubuhi, wala hufikirii. Dada alikuwa ameandika kwa chaki ukutani, mistari miwili: kupata saa yetu, toa tatu, kupata saa ya kompyuta, ongeza tatu. Nikatoa tatu. Nikapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na ilikuwa sahihi kabisa, setilaiti ilikuwa inapita saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika 3:40.

Kompyuta haijui asubuhi yetu inaanza wapi. Yenyewe ilitaka 9:40; hiyo 3:40 yangu iliielewa usiku wa manane.

Nataka ujue kwamba hata hapo ilikuwa bado haijaharibika. Dada alinipigia simu kutoka Haydom.

"U-umeweka?"

"Nimeweka."

"Nisomee na-namba."

"Dada, nimeweka."

"Ni-ni-nisomee tu."

"Unadhani mimi mtoto? Kila kitu unanihakikisha kama mtoto! Nimeweka, nimesema nimeweka!"

Halafu akasema, "Haya, mdogo wangu. La-lala salama." Akakata.

Namba mbili tu. Ningesema tatu arobaini, angeshika kichwa pale pale, na mimi ningerekebisha nikiwa bado nimekasirika. Mdomo ambao haujawahi kukosa la kusema ulikataa kusoma namba mbili.

Asubuhi nikaenda shambani kung'oa vitunguu saumu, moyo mweupe. Saa tatu na dakika arobaini nikaangalia juu. Hakuna cha kuona mchana, nilijua, lakini niliangalia. Nikamwambia jirani aliyekuwa mstari wa pili, "Hapa sasa hivi kuna kitu kinapita, na dada yangu anakikamata." Akaniambia, "Kamata saumu hiyo, unaacha vichwa ardhini."

Walirudi kesho yake. Dada hakunywa hata chai, akafungua rekodi. Setilaiti ikipita, kwenye kioo unaona mstari uliopinda unashuka katikati ya rangi ya bluu. Tuliona bluu. Dakika zote, bluu tupu. Akasogeza mpaka mwanzo wa faili, akaona saa. Akaangalia ukuta. Hakuniangalia mimi.

"Dada," nikasema.

Akaniinulia mkono ninyamaze. Akafungua grupu, akaanza kuandika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, nikaona kila neno kabla halijatoka: kosa ni langu, niliweka saa vibaya, mimi mwenye kituo, naomba radhi kwa waliotengeneza. Alisimama sekunde chache kabla ya kutuma. Sekunde zile zilikuwa zangu. Mimi ambaye nimerusha mawe kwa ajili yake, nimetukana watu wazima, nimetolewa kanisani kwa kubishana, sikusema kitu. Akatuma.

Ile setilaiti haikusikika tena, na watu wa nchi zingine walijaribu. Mmoja wa wale wanafunzi alijibu kwa upole, na upole wake ulituumiza kuliko matusi: asante kwa kujaribu, basi hatutajua. Mwingine, sijui wa wapi, akaandika, bila shaka mwenye kituo alikuwa amelala. Hilo ndilo neno ulilolidaka wewe na kulileta Mbulu. Mota ikapelekwa nchi nyingine. Pembeni ya jina la dada wakaweka alama, maana yake rekodi zake zisikubaliwe mpaka mtu mwingine azithibitishe. Siku hizi anaandika kwenye grupu mstari mmoja, mstari na nusu. Kuna ujumbe anauanza, anaufuta. Naona vidole vinasimama katikati kama vile mdomo wake unavyosimama.

Na mimi nikawa nagombana na kila mtu. Niligombana na wa bodaboda, na wewe, na wale wa grupu. Nilimtetea kwa Kiingereza changu cha kuokoteza mpaka wakapunguza ukali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Wiki hii wamenitumia ujumbe mimi. Wamesema ninaonekana mtu makini, ninayejali kazi. Setilaiti ya pili iko tayari, wanataka kituo cha Dongobesh kiisikilize, na wananiomba mimi niwe wa kuthibitisha rekodi za dada. Mimi nimkague yeye. Wanataka jibu Ijumaa.

Nilimwonyesha. Alisoma, akarudi kwenye simu aliyokuwa anaifungua, akakaza skrubu moja, mbili.

"Kubali," akasema.

"Sikubali. Naandika ukweli. Naandika leo."

"U-ukweli gani?"

"Kwamba ni mimi. Kwamba uliniuliza namba nikakufokea."

Akaweka bisibisi chini. "Nao wataniuliza mi-mimi, kwa nini uliandika ni wewe? Niwajibu nini? U-u-uzembe wanasamehe. Uongo hawasamehe. Utanitoa."

"Uliongopa kwa ajili yangu."

"Na-najua niliongopa kwa ajili ya nani."

"Basi kwa nini uliandika?"

Alifuta kioo cha ile simu kwanza, ndipo akajibu. "Kituo ni changu. Nilimwachia mtu ambaye nilijua hapendi ku-kuulizwa."

Nikatoka nikakaa nje na wa bodaboda, hawakunitania hata mmoja.

Ukweli nimeshauandika. Uko kwenye simu, haujatumwa. Nikiutuma, labda wataniondoa mimi, na yeye watamwondoa pamoja na mimi, mahali pekee duniani anapomaliza sentensi. Nisipoutuma, setilaiti itapita, dada atairekodi vizuri kama anavyorekodi siku zote, halafu mimi niliyeua ya kwanza nitaweka alama kwamba ndiyo, kazi yake inaaminika. Hii ninayoandika hapa naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wale hawakisomi. Unaona nilivyo jasiri.

Usinijibu habari za uaminifu kwa ujumla, sitaki hotuba. Kesho ni Ijumaa. Wewe uliyekuwa na uhakika kwamba alilala, sema sasa: nitume, au nifute?