Petronila na Saa ya Polepole

Petronila alizaliwa na haraka. Kwao Karagwe walimtania kwamba alitoka tumboni akiuliza saa ngapi. Huku Mbwera, kwenye visiwa na vijito vya delta, haraka hiyo haikumfikisha popote.

Kazi yake ni kutunza vipima chumvi. Maji ya bahari yakipanda kijitoni, kipima hutuma ujumbe kwenye simu za wakulima, nao huziba mfereji kabla chumvi haijaunguza mpunga. Kifaa chenyewe hulala ili betri idumu, na saa ndogo iliyo ndani yake ndiyo hukiamsha. Sasa kile cha shambani kwa Bi Zena mara kwa mara kililala jumla, kisiamke tena mpaka akiwashe upya. Mezani kwake ofisini Kibiti, kikiungwa kwenye kompyuta, kiliamka kama jogoo. Bosi alishasema: likizo ni baada ya kifaa kutengemaa.

Na likizo hiyo Petronila aliililia. Tangu mama yake apate kiharusi, hajaisikia sauti yake. Kila jioni dada yake, Elieth, humwekea mama simu sikioni. Petronila humwaga maneno, husikia kimya, kisha hukata.

Asubuhi moja alimpita Bi Zena mlangoni akipepeta mchele. "Shikamoo, Bi Zena," akasema, na huyo, kashika njia ya shambani.

"We mwanangu," Bi Zena akamwita, "marahaba yangu kila siku naupa mgongo wako. Hungoji hata nikuitikie?"

Petronila alirudi kwa aibu, akaamkia upya, akaitikiwa sawasawa. Alipofika kwenye kifaa ndipo akili ikamfunguka. Ubongo wa kifaa huenda mbio, lakini saa yake, kwa kuwa inakula umeme kidogo mno, hujivuta. Yeye aliupanga ubongo uiambie saa, "Niamshe," kisha ulale papo hapo, kabla saa haijalipokea agizo. Nani angemwamsha nani? Mezani kilimhadaa kwa sababu waya wa kompyuta ulikinyima usingizi wa kweli.

Akaongeza mistari michache: ubongo ungoje mpaka saa ionyeshe imepokea, ndipo ulale. Ni kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, nacho ndicho kilichomfungia njia ya kwao miezi yote ile.

Siku hiyo kifaa kiliamka kila kilipotakiwa. Bosi alifurahi, ila kabla ya kutoa likizo akataka akione kikivuka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu.

Jioni Petronila alipiga simu Karagwe. "Mama, ni mimi," alisema, akangoja. Kidole kikasogea kwenye kitufe, lakini safari hii hakukata. Kisha ikaja sauti nzito, ya kuburuta, sauti ya mama kabisa.

"Petro... unakuja... lini?"

Machozi yalimtoka. Akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi bamvua. Upande wa pili mama hakukata simu. Alimngoja.