Kidole cha Bibi na Bendera Mbili

Siku ile tuliosimama ufukweni tulikuwa wanne: bibi yetu mzaa mama, mdogo wangu wa kiume, mchumba wake, na mimi. Kama kanga ya marehemu mama inahesabika, basi tulikuwa watano, maana niliibeba kwapani tangu nyumbani na sikutaka mtu mwingine aishike.

Tulikuwa tumekuja kumaliza ubishi wa bendera. Mdogo wangu alikuwa anafanya usafi kwenye hoteli moja ya watalii, na mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kayaki yake ya kuvulia. Ni chombo cha plastiki cha mtu mmoja. Unakaa juu yake miguu imenyooka, unapiga kafi lenye bapa huku na huku. Rangi yake ilikuwa kama ya bahari siku ya mawingu, kijivu kinachoelekea bluu.

"Wameitengeneza hivi ili samaki wasiione," alinieleza siku alipoileta, anajisikia.

"Samaki tu? Hata mimi siioni."

Sikuwa natania. Alipotoka nayo mara ya kwanza, mawimbi matatu tu nikampoteza. Kilichobaki kilikuwa kichwa chake, mfano wa nazi iliyochukuliwa na maji, mara kipo, mara hakipo. Na pale anapopenda kutupa mshipi, nje kidogo ya miamba, ndipo boti za hoteli zinapopita kwa kasi na wageni wake. Nahodha mwenye mashine mbili nyuma yake hatazamii kichwa cha mtu majini.

Wazazi wetu walitutoka ndani ya mwaka mmoja, baba kwanza, mama miezi saba baadaye. Mimi nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikaingia kwenye mwani na kusuka makuti, yeye akaendelea kusoma. Sare zake zote nilizishona mimi kwa mkono, viraka juu ya viraka. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ieleweke nilivyojisikia pale alipotokea mtu mwingine na sindano yake.

Mchumba wake alikuwa binti wa Kisiwa cha Bwejuu, mtoto wa wavuvi, aliyefika kidato cha nne na kupata kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli ileile. Kila akija kwetu aliniamkia shikamoo kwa adabu, ingawa tulipishana miaka minne tu, na kila shikamoo yake ilinizeesha. Mdogo wangu alikuwa akimwangalia akiongea jinsi alivyokuwa akiniangalia mimi zamani nikigawa chakula.

Niliposema nitashona bendera kutoka kwenye kanga ya mama, nyekundu yenye pindo jeusi, yule binti alisita kidogo, halafu akasema:

"Dada, nyekundu ikiloa inakuwa kama nyeusi. Kule kwetu baba alikuwa anafunga kitambaa cha rangi ya chungwa. Ninacho kipande, cha jaketi la kujiokolea lililochanika."

"Huko kwenu mnapeperusha matambara ya hoteli," nilimjibu. "Sisi tuna nguo zetu."

Nikamtazama mdogo wangu aniunge mkono, kama siku zote. Akainama, akaanza kuchokonoa mchanga kwenye kucha. Halafu akasema, "Bibi aamue."

"Bibi ana mtoto wa jicho," nikasema.

"Ndiyo maana. Nahodha ana miwani ya jua, na wageni wanamwongelesha. Kama bibi ataiona, hata yeye ataiona."

Ndivyo tulivyomleta bibi ufukweni, kanga mbili begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi," alisema yule binti.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume mbele za watu?"

"Nimekuja kuomba zamu tu, bibi."

"Zamu! Meno yamenitoka yote, lakini zamu sikupi."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Wivu wa bibi ulikuwa utani, kila mtu alimsaidia kuubeba. Wangu niliubeba mwenyewe.

Mdogo wangu alitoka kwanza na bendera yangu, imefungwa kwenye ufito nyuma ya kayaki, akaenda hadi mwisho wa mashamba ya mwani na zaidi. Ufuko ule una mteremko, kwa hiyo nilimshika bibi mkono. Maji yalirukia kitambaa, kikaning'inia. Mimi mwenyewe, mwenye macho mazima, nilikiona kwa kukitafuta.

"Bibi, unaona kitu?" aliuliza yule binti.

Nikamminya bibi kidole kidogo.

Bibi akasema, "Naona."

"Nini?"

"Nyekundu."

Mdogo wangu akarudi, tukabadilisha, akatoka tena hadi palepale. Kile kitambaa cha chungwa kilifunguka kwenye upepo, na mimi nikashtuka, maana ilikuwa kama mtu amewasha moto juu ya maji. Hata kumtafuta sikumtafuta.

"Na sasa, bibi?"

Nikaulegeza mkono wangu. Bibi hakuitazama tena bahari. Aligeuza uso kwangu.

"Sioni," alisema. "Labda jua."

Mdogo wangu aliporudi pwani na kuuliza matokeo, yule binti ndiye aliyemjibu: "Macho yangu yameona tofauti, lakini tulikubaliana. Bibi ameamua." Akakunja kitambaa chake mara nne, akakitia kwenye mkoba. Nami nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa mbele.

Siku ya tisa, asubuhi, nahodha wa boti moja ya watalii alimleta mdogo wangu pwani, kayaki ikiburutwa nyuma kwa kamba. Kafi lilikuwa limevunjika, mishipi yote imekwenda na maji, na kiwiko chake kimechubuka mpaka nyama. Bendera ya mama ilikuwa imejizungusha kwenye ufito, nyeusi kwa maji.

"Dada, nisamehe," nahodha alisema. "Niliona kitu cheusi, nikadhani kasa kaibuka kupumua. Nimegeuza mwishoni kabisa. Wimbi la boti ndilo lililompindua."

"Hukuiona bendera?"

"Bendera gani?"

Nilimfunika mdogo wangu kwa kanga niliyokuwa nimejitanda. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwambieni mwenzangu nipo mzima." Na hata pale, nikiwa nimemshika na damu yake mkononi mwangu, kilichoniuma kwanza ni kwamba hakuniita mimi.

Yule binti alikuja mbio, akiwa na mkoba wake. Nilisubiri aseme, "Si nilisema?" Nilikuwa tayari kwa neno hilo, ningeligombania siku nzima. Hakulisema. Alikaa chini akashona kitambaa chake kwenye ufito mrefu zaidi. Baadaye alinunua kizibao kinachong'aa kama wanavyovaa bodaboda, akakikata vipande vyembamba, akavigandisha kwenye mabapa ya kafi jipya, pande zote mbili, ili kila mdogo wangu anapoinua mkono jua limjibu. Kanga ya mama aliifua kwa maji baridi ya kisimani kutoa chumvi, akaipiga pasi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii isiende tena baharini, dada. Ikae ndani."

Nikasema ahsante. Hata wema ule niliuonea wivu, kwamba ulikuwa wake.

Alasiri ya siku hiyo niliyorudishiwa kanga, tukiwa wawili, bibi aliniambia bila mimi kumuuliza.

"Ile ya pili niliiona. Kama kaa la moto."

"Mbona ulisema huoni?"

"Mkono wako ulisema. Nilidhani mnashindana vitambaa tu, sikujua kama ni roho ya mtoto." Akatengeneza kanga yake. "Wewe tulikufanya mama mapema mno. Nikasema, leo na apate kitu. Uongo wangu nitaujibu mwenyewe kwa Mola. Lakini yule binti anakudai neno."

Sasa yule binti ni wifi yangu, tunakaa ua mmoja. Asubuhi maji yakitoka tunakwenda pamoja kwenye mwani, na tukiinua vichwa tunaiona ile chungwa mpaka inapita miamba na kuwa ndogo kama punje, na bado inaonekana. Boti za hoteli huzunguka mbali. Siku moja, akiwa anafunga kamba, aliniuliza, "Wifi, hivi bibi siku ile aliionaje nyekundu?" Alikuwa haninyooshei kidole, alikuwa anashangaa tu. Ningeweza kulilipa neno lile palepale, maji yakiwa magotini, hakuna anayesikia.

"Macho ya wazee," nikasema.

Jana nilimshika bibi mkono kumtoa uani kwenye kivuli. Wifi alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi, hatua tatu tu kutoka tulipokuwa. Bibi akaniminya kidole kidogo, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Wifi," nikaita.

"Abee." Akainua uso, kifuu mkononi.

Bibi hakuachia kidole.

"Nazi hiyo inatosha," nikamwambia.