Posa Yangu na Pande Zisizoonekana

Jamani, ukiulizwa ukweni unasomea nini, usijibu kwa kirefu.

Leo nimekwenda kuposa Sumbawanga mjini, mimi na mshenga wangu. Baba wa binti, mzee mwenye mashine ya kusaga, akauliza ninasomea nini.

"Fizikia, mzee. Nadharia ya nyuzi. Inasema ulimwengu una pande nyingine zisizoonekana, zimejikunja kila mahali, hata humu sebuleni."

Nimeyasema hayo Sumbawanga. Sumbawanga yenye sifa za uchawi, jamani!

Mshenga akakohoa. Shangazi mtu akasogeza kiti nyuma.

Mzee akauliza, "Na zikikunjuka?"

Si ningenyamaza? Wapi!

"Zikikunjuka mpaka mwisho kabisa, kanuni zetu zote zinavunjika, na vitu vipya vinamiminika bila idadi."

Nikajua posa imekufa.

Wakati wa kuaga, mzee akanivuta pembeni, akanionyesha ng'ambo ya barabara. Siku hizi biashara ni huria, jirani naye kaweka mashine yake ya kusaga, na wateja wote wamehamia kule.

Akaninong'oneza, "Mkwe, huwezi kuzikunjua kidogo tu, pale kwake?"

Kaniita mkwe!

Washikaji, nioe au nifungue kilinge cha uganga?