Dozi ya Karanga

Jina la Daktari Chafya tulimbandika sisi wauguzi, kwa sababu alitibu watu mpaka mvi za kwanza zikamtoka, kisha akarudi darasani kusomea ubingwa wa mzio. Mumewe alimtania kwamba wenzake wanapasua mioyo, yeye anakwenda kupangusa makamasi. Akacheka, akaja hivyo hivyo. Mkono wake wa kushoto ulijaa alama, maana madaktari hawa hujifunza kwa kuchomana wao kwa wao: tone la vumbi, tone la manyoya ya paka, tone la karanga, halafu wanangoja ngozi ivimbe.

Aliyewafundisha ni profesa ambaye mimi, niseme kweli, namwonea kinyaa. Mtu anakula keki chumba cha wagonjwa wa mzio, makombo anayaacha kitandani, kisha anatukemea sisi kwa uchafu.

Siku hiyo bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa chekechea, tuone kama mzio wa karanga umeshamwisha. Kipimo chenyewe ni kumlisha: unampa chembe, unangoja, unampa kubwa kidogo, na sindano ya kumwokoa iko mezani. Chembe ya pili tu, midomo ikaanza kuvimba. Daktari Chafya akasimamisha, akamtibu mpaka akatulia, akavuta kiti amweleze bibi. Profesa akamkatiza, macho yakiwa kwenye simu.

"Dozi mbili zimetosha, zilizobaki basi. Waende, foleni ndefu."

"Naomba nimweleze kidogo, Profesa."

"Umekuja kusomea ubingwa au umbea?"

Daktari akakirudisha kiti ukutani. Kufaulu kwake kulikuwa mikononi mwa mtu yule.

Sasa, bibi huyu kila akija kwetu, iwe malaria iwe kikohozi, tumemwimbia wimbo mmoja: maliza dozi, hata ukiona nafuu. Ameona kwa macho yake daktari akimpa mtoto karanga kwa kipimo, amesikia dozi zimebaki. Kesho yake asubuhi akaanza kummalizia dozi nyumbani.

Waliingia mbio, mtoto kabebwa begani, koo limeziba, midomo imepoteza rangi. Daktari Chafya alimchoma sindano ya paja kabla hata hajalazwa, akamchoma tena. Mtoto akakoroma, akatapika, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Profesa akafika anajipangusa makombo kidevuni. Alipoambiwa kilichotokea, alicheka, akawageukia wanafunzi wake.

"Mnaona? Ujinga hauna chanjo."

Mate yalinijaa mdomoni. Kidogo tu niyateme kwenye viatu vyake.

"Huu si ujinga," Daktari Chafya akasema mbele ya wote. "Neno dozi tumempa sisi, tukamfukuza kabla hajauliza. Nifelishe ukitaka, Profesa, lakini mama huyu hutamcheka mbele yangu."

Akamwacha kasimama pale, akaenda kuchuchumaa mbele ya bibi, akamshika mikono.

"Mama, nisikilize. Karanga kwake si dawa, ni sumu. Hakuna dozi. Hakuna kabisa."

Bibi alimtazama mjukuu wake kitandani, kisha akatia mkono mfukoni polepole, akatoa vifurushi viwili vya karatasi vilivyokunjwa vizuri.

"Kwa hiyo hizi za mchana na za jioni," akauliza, "nizitupe, mwanangu?"