Mawe ya Kutua Mzigo

Sauti ilitangulia. Ilipanda kutoka upande wa Soni, ikakatika nyuma ya kona, ikarudi karibu zaidi, ikakatika tena. Kila ilipokatika nilisimama pale uwanjani pa shule, mkono juu ya mfuko wa shati, nikiogopa kwamba safari hii haitarudi. Mfukoni mlikuwa na barua ya mama. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi tangu asubuhi hata mikunjo yake ikaanza kuchanika. Pikipiki ilipotokeza, imejaa tope mpaka kwenye tangi, na juu yake mwalimu mwenzangu wa kutoka Tanga amelowa chapachapa, nilijua nitakachomwomba kabla hajazima injini.

Mama hakujua kuandika. Barua aliandikiwa na mwinjilisti wa kijiji wanakoishi. Baba alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kimeoza, uvimbe umepita goti na unapanda pajani, homa haishuki. Asipofika hospitali ya Lushoto hataiona wiki ijayo. "Machela tunayo," mama alisema, na mwinjilisti akaandika vilevile, "mabega ndiyo hatuna."

Huku kwetu milimani mgonjwa hulazwa kwenye machela, na wanaume hupokezana kumbeba, wanne wanne, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Haombwi mtu. Yowe hupigwa, watu wakaja. Baba yangu alipigiwa yowe na hakuja mtu.

Alikuwa msimamizi wa matuta. Serikali iliamuru kila shamba la mteremko lichimbwe matuta ili mvua isishushe udongo, na baba ndiye aliyepita na daftari akiandika majina ya wasiochimba. Walioandikwa walitozwa faini au walifungwa. Alihamishiwa huko, ng'ambo ya Mlola, nilipokuwa chuoni. Nyumba yenyewe sikuwahi kuiona.

Nilitafuta wachukuzi hapa mjini Lushoto. Walikubali mpaka waliposikia ni nyumba ya nani. Gari nalo lisingepita. Masika yalikuwa yamekwisha kuifunga barabara.

"Umewahi kuendesha?" mwenzangu aliniuliza nilipomwomba pikipiki.

"Hapa uwanjani. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ulizunguka goli mara tatu, ukamwingia mbuzi wa mwalimu mkuu."

"Mbuzi hakufa."

"Hakufa kwa kuwa alikuwa na akili kukuzidi wewe." Akacheka peke yake. Kisha nikampa barua. Aliisoma amesimama, maji yakimtiririka kutoka nywelani, na alipoikunja hakuwa na mzaha tena. "Jumamosi alfajiri ichukue," alisema. "Kuanguka utaanguka, ndugu yangu. Lakini usianguke ukiwa naye."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kila masomo yalipokwisha niliipandisha pikipiki kwenye njia ya nyuma ya kanisa, na kila mara injini ilizimika mahali palepale, penye mwinuko, nikarudi nyumanyuma nimeshika breki. Nilikusudia kumfunga baba mgongoni kwangu kwa kanga za mama, kama mtoto. Basi nilijifunga gunia la viazi ili nijaribu. Nilianguka nalo mara mbili. Mara ya pili nililala matopeni, gunia limenikandamiza, petroli inanuka, ukungu unashuka kutoka Magamba, na nikawaza: gunia halilii. Baba atalia? Sikuwahi kumsikia baba akilia. Sikuwa na hakika kwamba ningeitambua sauti yake.

Na njia sikuijua. Katika ramani ya shule Mlola ilikuwa nukta, na baada ya nukta ile palikuwa na rangi ya kijani tu, nzuri, tulivu, kana kwamba huko hakuna mtu anayeoza mguu. Niliwauliza watu umbali, nao walinijibu kama watu wa milimani wanavyojibu siku zote: "Ni hapo tu." Hapo tu ni saa mbili, au ni kutwa.

Ndipo nikabadili swali. Siku ya gulio, Ijumaa, niliwafuata akina mama wa upande ule waliobeba matenga ya viazi na maharage, nikauliza: mnatua mzigo wapi? Hilo walilijibu bila kufikiri. Mtu hutua mzigo anapomaliza kupanda. Kwa hiyo kila kituo walichonitajia kilikuwa kichwa cha mlima, na kati ya kituo na kituo niliweza kuandika: hapa gia ya kwanza, hapa zima injini na ushuke ukisukuma, hapa pumzi. Kufikia mchana daftari langu lilikuwa na njia nzima hadi Mlola. Kilichobaki ni kipande cha kutoka Mlola hadi kwa baba.

Mvua ya alasiri iliwakimbizia wachuuzi kwenye baraza ya shule. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye tenga la chumvi na mafuta ya taa, alitoka hukohuko ng'ambo ya Mlola. Nilimwamkia, nikamkaribisha darasani, nikamletea chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alilitua tenga juu ya dawati. Nilipomuuliza njia ya kwao, akaitazama pikipiki niliyoiingiza ndani isilowe. "Mwalimu anamfuata msichana wa kwetu! Na pikipiki ya kuazima! Ukifika usizime injini, wazazi wake wasije wakauliza ni ya nani."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akanieleza kwa furaha. Baada ya Mlola kuna mteremko mrefu hadi mtoni. Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Pikipiki itabaki ng'ambo ya huku. Mtu anavuka kwa miguu, maji ya magotini, kisha anapanda.

"Anapanda sana?"

"Kwani unaenda nyumba ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtajia.

Aliweka kikombe chini. Mvua ilipiga mabati.

"Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo, mama."

"Daftari lake si analo?" alisema taratibu. "Limbebe."

Niliyatazama madawati ya wanafunzi wangu. Nikamwambia kwamba sikuja kumtetea. Nikamwambia mguu unaoza, kwamba mama yuko naye peke yake, kwamba mimi nimeanguka na gunia la viazi mara mbili. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuweza kuishusha. Nilimwomba awaambie wanaume wa kwao, wanne tu, kutoka nyumbani hadi mtoni tu.

"Mume wangu alikaa ndani miezi miwili," alisema. "Msimu ule viazi vilikuwa vimeshang'olewa. Nilivibeba peke yangu hadi hapa Lushoto. Unajua mzigo wa peke yako, mwalimu?"

"Sijui."

"Huutui chini. Ukiutua chini, nani atakutwika?"

Nilidhani amemaliza. Lakini alinyoosha mkono akachukua vipande vitatu vya chaki kutoka mezani pangu, akavipanga juu ya dawati, kimoja baada ya kingine.

"Ukitoka naye mlangoni, teremka na migomba. Hapa pana jiwe linalofika kiunoni. Mketishe juu yake, wewe umpe mgongo, chuchumaa kidogo, mwinue. Hapa pana kingo ya udongo, hiyo ni tuta la kwetu, alitulazimisha yeye mwenyewe. Mketishe hapo. Hapa, kabla ya maji, jiwe jeusi. Kati ya haya usimweke chini hata akikuomba. Ukimlaza chini umemwacha."

"Hayo ndiyo mawe uliyo..."

"Ndiyo hayo." Akasimama. "Mimi simbebi. Mume wangu habebi. Wala sitawaambia watu neno."

Nilisogea nimsaidie kujitwika.

"Kaa," alisema.

Alikunja magoti mbele ya dawati, akaingiza kichwa chini ya tenga, akashika ukingo kwa mkono mmoja na kuinuka polepole, bila hata kunitazama. Vipande vya chaki vilibaki pale alipoviweka. Mlango wa darasa ulikuwa umevimba kwa mvua. Aliuvuta mara mbili, kwa mkono uliobaki, mpaka ukafungika nyuma yake.